Blanketi la Shukrani

Peris alishuka basi la pili pale Colindale, London, akiwa amevaa koti lake la buluu la kanisani, na tumboni amebeba uongo wa siku tatu.

Uongo wenyewe haukuwa mkubwa ulipozaliwa. Jumatano, kwenye simu, Marion bintiye alimwuliza kwa mara ya nne, "Mami, huyo mzee ni nani hasa?" Peris alikuwa amechoka kumtetea Njoroge kama mtu anayemtetea mwizi wa kuku, akajikuta amesema, "Ni mmoja wa watu waliompakia baba yako kwenye ndege." Kisha akamsikia mwanawe analia.

Ni kweli Njoroge alifanya kazi uwanja wa ndege wa Heathrow, upande wa mizigo, miaka kumi na mmoja. Ni kweli pia kwamba Jeff, mume wa Peris, alipitia Heathrow hiyo hiyo miaka tisa iliyopita, amelala ndani ya sanduku, akienda kuzikwa kwao Nyahururu. Peris alizichukua kweli hizo mbili akazishona pamoja kwa uzi wake mwenyewe. Njoroge hakuwahi kumwambia kwamba alimbeba Jeff, na yeye hakuwahi kumwuliza. Aliogopa jibu.

Na leo ndiyo siku ya jibu jingine. Wiki tatu zilizopita, kwenye kituo cha basi kule Stanmore, Njoroge alimshikia mwavuli akamwambia bila kuzunguka, "Peris, nataka tuoane. Lakini siwezi kuingia kwa mtu kwa kuruka ukuta. Mlete Marion kule makumbusho ya ndege ninakojitolea, Jumamosi moja, anione nikiwa kazini. Halafu siku hiyo hiyo unijibu." Akakubali. Hakumwambia sehemu ya pili, kwamba Marion akikataa, naye atakataa. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na mtoto huyo alikuwa amemzika baba yake peke yake akiwa na miaka ishirini.

Hata Mama Lila, yule bibi wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu ambaye Peris humtunza kule Stanmore, alijua uzito wa siku hii. Jana alimfukuza kabla ya saa. "Enda, Peris, enda lala. Uso yako imechoka. Kesho mimi sitakufa. Nikitaka kufa nitakungoja kwanza."

Marion alikuwa amefika tayari. Alikuwa amesimama mbele ya lango, kando ya mnara mdogo wa matofali ambamo zamani watu waliketi kuziongoza ndege, enzi mahali hapa palipokuwa uwanja wa ndege kweli. Alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, macho mekundu, nywele amezifunga vizuri. Mkononi alikuwa na mfuko mkubwa uliofura.

"Mami." Akamkumbatia kwa nguvu ambazo Peris hakuzizoea. "Asante kwa kuniambia."

"Umebeba nini, mwanangu?"

"Blanketi."

"La nini na jua lote hili?"

"Nilimpigia shangazi Nyahururu. Nikamwambia tumempata mzee aliyemshika baba mara ya mwisho. Akaniambia mtu kama huyo hashukuriwi kwa mdomo mtupu, anafunikwa blanketi. Nimezunguka Stratford yote jana nikitafuta zito."

Peris aliushika ule mfuko. "Marion, hebu tukae kwanza tunywe chai. Kuna jambo."

"Chai baadaye. Nikikaa nitalala." Akamshika mama yake mkono, akamvuta ndani kama mtoto anayekimbilia mchezo.

Njoroge alikuwa chini ya bawa la ndege moja kuukuu ya mbao na kitambaa, amevaa fulana nyekundu ya wanaojitolea, anawaeleza wazee wawili wa Kizungu jinsi kitambaa kile kilivyopakwa rangi mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Hakuwa mtu wa kugeuza vichwa vya watu barabarani. Alikuwa mfupi, kichwa kimejaa mvi, mgongo umeinama kidogo kwa miaka ya mizigo. Lakini alipomwona Peris alinyamaza katikati ya neno. Wale wazee wakageuka kuona ni nini kimemkatiza, wakamwona mwanamke wa makamo mwenye koti la buluu, wakatabasamu, wakaondoka wenyewe.

Peris alikuwa na miaka hamsini na minne. Alidhani hakubaki mtu wa kumtazama hivyo tena. Kila Jumamosi alishangaa upya.

"Karibuni," Njoroge alisema, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa safi. "Karibu sana, Marion. Nimekuandalia majibu ya maswali yote. Hata nimenyoa."

"Sina maswali," Marion alisema kwa upole. "Tutembeze tu. Tuoneshe."

Njoroge alimtupia Peris jicho la haraka. Alikuwa amejiandaa kwa vita na hapa analetewa uji. "Umemlisha nini huyu?" alimnong'oneza walipokuwa wakitembea.

"Njoroge, nisikilize, nili..."

"Mami, njoo uone!" Marion alishaita.

Ikawa hivyo nusu saa nzima. Kila Peris alipofungua mdomo, Marion alikuwa kati yao na swali. Njoroge akazidi kuchangamka. Aliwaonesha picha za zile ndege za zamani zilizokuwa zikitua juu ya maji, kutoka Uingereza mpaka Kisumu na Naivasha, abiria wakishushwa kwa mashua kama wageni wa harusi.

"Naivasha kwenye viboko?" Marion alicheka.

"Viboko walifukuzwa kwanza. Ama walihamishwa. Mimi sikuwepo, mimi si mzee kiasi hicho."

"Una miaka mingapi?"

"Hilo ni swali sasa! Si ulisema huna?"

Peris aliwaona wakicheka pamoja, bintiye na huyu mwanamume, akasikia raha inamchoma. Hiki ndicho alichokiombea usiku na mchana. Na kilikuwa kimesimama juu ya kitu kilichooza, alichokiweka yeye mwenyewe.

Mwisho wa jengo kulikuwa na ndege kubwa ya mizigo, mlango wake wa nyuma umeshushwa hadi sakafuni kama ulimi, tumbo lake wazi, tupu, lenye mistari ya vyuma vya kufungia kamba. Marion aliposimama mbele yake, kicheko kilimtoka usoni. Akaweka mfuko chini. Akalitoa blanketi, zito, rangi ya damu ya mzee, lenye matamvua pembeni.

"Marion," Peris alisema. "Subiri."

Hakusubiri. Alimwendea Njoroge, akakunja goti kidogo kama wanavyofanya wasichana wa nyumbani, akamfunika mabegani kwa mikono miwili.

"Mimi Kiswahili changu ni cha kuchechemea," alisema, "na Kikuyu ni kibaya zaidi. Lakini nimejifunza haya maneno jana. Ulimshika baba yangu wakati mimi sikuruhusiwa kumshika. Waliniambia pale ofisini nitie sahihi, halafu niende upande wa abiria. Nikaenda. Nilikaa juu masaa manane, yeye yuko chini ya miguu yangu, na sikujua amewekwa vipi wala na nani. Miaka tisa najiuliza. Sasa najua ni wewe. Asante, mzee wangu. Nilikuwa nimekukatalia mama yangu. Sikukatalii tena."

Njoroge hakusogea. Blanketi lilimfanya aonekane kama mzee wa baraza. Akamtazama Marion, kisha polepole akainua macho juu ya bega la binti akamtazama Peris. Peris aliiona sekunde ile ile Njoroge alipoelewa. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Neno moja tu, Peris alimwomba kimoyomoyo. Sema asante. Sema asante tu, Njoroge, na sote tutakwenda nyumbani tukiwa na furaha.

Njoroge alilitoa blanketi mabegani. Akalikunja mara mbili, akalikunja tena, akawa analisawazisha kwa viganja kama shuka la kanisani. Kisha akamrudishia Marion kwa mikono miwili.

"Ndege ya baba yako iliondoka saa ngapi, mwanangu?"

"Saa mbili usiku. Ijumaa. Mwezi wa tatu."

"Miaka hiyo yote mimi nilikuwa zamu ya asubuhi. Saa nane mchana nilikuwa nimeshapanda basi. Sikuwa mimi."

Marion alitazama blanketi, akamtazama yeye. "Lakini Mami alisema..."

"Mama yako alijua nilifanya kazi pale. Pengine mimi ndiye sikueleza vizuri. Mimi nikianza kuongea habari za ndege huwa sijui kusimama."

Alikuwa amemfungulia mlango. Peris aliuona mlango, mpana kabisa, umeshikiliwa na mwanamume aliyekuwa tayari kuonekana mpayukaji ili yeye asionekane mwongo. Ingetosha kupita kimya kimya.

"Hapana," Peris alisema. "Alieleza vizuri. Yeye hakuwahi kusema hivyo. Ni mimi niliyeongeza."

"Uliongeza," Marion alirudia.

"Ndiyo."

"Uliongeza nini, Mami? Chumvi?" Sauti yake ilipanda hadi juu ya dari la mabati. "Nimelia siku tatu! Nimemwambia shangazi! Shangazi amewaambia kanisa zima, wameomba juu yake Alhamisi! Wamemwombea kwa jina!"

"Waliniombea?" Njoroge aliuliza.

"Usinichekeshe wewe!" Akamgeukia mama yake. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa utasema hapana."

"Basi ungeniacha niseme hapana!"

"Na kwa sababu mimi pia nilitaka awe yeye." Peris hakujua maneno yale yalikuwa yamekaa wapi miaka yote. "Unadhani ni wewe peke yako unayejiuliza? Makaratasi yangu ya kukaa nchi hii yalikuwa Home Office, Marion. Ningetoka nisingerudi, na ada yako ya chuo ingelipwa na nani? Ulipokuwa juu na baba yako chini, mimi nilikuwa Wembley nimekaa kitandani nimeushika mswaki wake. Nilitazama saa. Saa mbili ilipofika nikafungua dirisha nione kama ndege itapita. Zikapita nyingi. Nikazipungia zote."

Marion alilikumbatia lile blanketi.

"Hukuwahi kuniambia," alisema.

"Ungeniuliza ningekuambia. Hukuuliza. Ulirudi umekuwa mtu mzima, unanisalimia kama jirani."

Watoto wa shule walipita wakikimbia, mwalimu wao akiwafuata kwa pumzi fupi. Walipotokomea, Njoroge alikohoa.

"Naomba niseme jambo moja, kisha nitarudi kule kwenye bawa langu mniite mkinitaka. Habari za baba yako mwenyewe siwezi kukujibu. Lakini jinsi walivyowekwa wote, hiyo naijua." Akapanda hatua mbili kwenye ule mlango ulioshushwa, akaonesha kwa mkono. "Sanduku la mtu halitupwi na masanduku ya nguo. Linapakiwa peke yake, watu wanne ama sita. Sisi tulikuwa tunatanguliza kichwa upande wa mbele, anakokwenda. Hatukuweka kitu juu yake. Na redio ilizimwa, hata kama ni fainali. Hiyo haikuandikwa popote. Tulizima tu."

Marion alikuwa akilitazama lile tumbo tupu. "Zamu ya jioni walikuwa akina nani?"

"Akina Zéphyrin. Mkongo mmoja, rafiki yangu." Akatoa simu mfukoni. "Nimpigie? Anaweza asikumbuke. Nakuonya mapema."

Marion alitikisa kichwa kukubali. Njoroge alibonyeza, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie, na hapo akafanya kosa.

"Allô, Njoroge!" sauti nene ililipuka. "Ule mama amekubali? Ama miye nitafute suti ya matanga?"

Peris alifunika uso. Njoroge aligeuka rangi ya njugu. "Bado. Nyamaza kwanza, kaka, uko mbele za watu. Nina swali la kazi. Mwezi wa tatu, miaka tisa nyuma, Ijumaa, ndege ya Nairobi ya saa mbili usiku. Zamu ilikuwa ya nani?"

"Ijumaa jioni? Ilikuwa ya siye. Miye, na Riyadh, na vijana wawili wa Poland. Ijumaa miaka yote siye."

"Kulikuwa na sanduku la Mkenya. Unakumbuka?"

"Kaka, masanduku ilikuwa mingi. Nikisema nakumbuka nitakuwa mwongo."

Marion alinyoosha mkono akaichukua simu. "Mzee, mimi ni mtoto wake."

"Ah." Ile sauti ilishuka, ikawa ya mtu mwingine kabisa. "Pole, mama. Jina ya baba ilikuwa nani?"

"Jeff."

"Jeff. Miye siwezi kukudanganya, simkumbuke yeye. Lakini sikia. Hakuna hata moja nilipandisha bila kuweka mkono hapo juu. Ya Kenya, ya Kongo, ya Wahindi, ya Wazungu. Naweka mkono, nasema, 'Uende muzuri, papa, wanakungoja.' Wale vijana wa Poland walikuwa wananicheka. Mwisho nao wakaanza kuweka mkono. Kama baba alipita Ijumaa jioni, aliambiwa ile neno. Hiyo najua."

Peris alijishika kwenye kamba iliyozungushiwa ndege. Miaka tisa alikuwa amelifungua lile dirisha la Wembley kila alipofumba macho, na hakuna aliyewahi kumjibu kutoka upande wa pili. Aliambiwa ile neno. Machozi yalimtoka bila kelele, mazuri, ya moto.

"Asante," Marion alisema. Akasema tena. Akasema mara ya tatu. "Mzee, nina blanketi lako hapa."

"Blanketi?"

"Ni lako. Wewe na Riyadh na hao wa Poland."

"Miye ndiye mkubwa, blanketi ni yangu. Wale nitawakatia matamvua." Wakacheka wote, kicheko chenye kamasi, na Njoroge akapewa simu yake akaagana na rafikiye kwa Kiswahili cha haraka kilichokuwa na neno "nyamaza" mara nyingi.

Marion alilirudisha blanketi mfukoni. Alichukua muda kulisawazisha. Alipoinuka alimwelekea mama yake kwanza.

"Wewe bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Nitakukasirikia wiki nzima. Na shangazi utampigia wewe, si mimi."

"Nitampigia leo."

"Na siku moja utanionesha hilo dirisha." Sauti ilikatika hapo. Akamshika mama yake kichwa akakilaza begani kwake, kama anavyofanya na wagonjwa wake, na Peris akaacha kichwa chake kishikwe.

Njoroge alikuwa ameanza kuondoka kinyumenyume, kwa adabu, anajifanya anasoma kibao cha maelezo alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Wewe, rudi," Marion alimwita. "Ungenyamaza tu ungepata kila kitu. Ulisikia nimesema sikukatalii tena. Kwa nini hukunyamaza?"

Njoroge alikuna kidevu alichokinyoa. "Nilitaka kunyamaza. Kwa sekunde kama mbili nilitaka sana, Mungu ananiona. Lakini ungekuja kwetu Krismasi, ungenitilia nyama nyingi kwenye sahani, na kila ukinitazama unamtazama mtu mwingine. Na nyama yenyewe ningekula. Ningewezaje?"

Marion alimtazama kwa muda mrefu, yale macho mekundu ya zamu ya usiku hayaachi kitu. Peris hakumsaidia Njoroge. Hakuongeza neno. Hilo alikuwa amejifunza asubuhi hiyo hiyo.

"Shangazi amekuombea kwa jina," Marion alisema, "na maombi hayarudishwi dukani. Nikuite nani?"

"Niite Njoroge. Ukipata jina jingine baadaye, utaniambia."

"Litachukua muda."

"Mimi nipo kila Jumamosi."

Marion aliupachika mfuko begani, akaenda kutafuta chai. Alikuwa amefika karibu na mlango alipogeuka akauliza kwa sauti, jengo zima likisikia, kama Njoroge anatumia sukari. Vijiko vitatu, alijibiwa. Muuguzi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi, akatoka.

Wakabaki wawili mbele ya ile ndege. Njoroge alikuwa anavichezea vifungo vya fulana yake.

"Nimekuharibia mambo, Peris."

"Asante," Peris alisema.

"Ya nini?"

"Ya kuniharibia. Ya kunifungulia mlango wa kutokea, na ya kutonikasirikia nilipoukataa." Alimsogelea mpaka wakagusana mabega, hapo hapo mchana kweupe, mbele za wageni. "Marion atafute jina lako polepole, asiharakishwe. Mimi langu nimeshalipata."

Njoroge aliacha vifungo. "Lipi?"

"Mume wangu," Peris alisema, akamshika mkono.